Simfonia na Majirani Zake: Uhakiki wa Tamasha la Chicago, 1933

Kazi ya sanaa aghalabu haisomwi wala haisikilizwi peke yake. Shairi likichapishwa katika diwani husomwa kwa mwangaza wa lile lililotangulia na lile linalolifuata, na mara nyingi mhariri aliyelipanga huwa amekwisha kuamua sehemu ya maana yake kabla msomaji hajafungua kitabu. Jambo hili, ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeligusa kwa uchache mno, huonekana wazi zaidi katika muziki wa okestra, kwani msikilizaji aliyeketi ukumbini hana uhuru wa kuruka kurasa. Makala haya yanachunguza tamasha moja ambamo upangaji wa aina hiyo uliamua mengi, na ambamo simfonia mpya iliwekwa katikati ya kazi zilizotangulia kuizungumzia kabla haijapata nafasi ya kujisemea yenyewe.

Tarehe 15 Juni 1933, katika ukumbi wa Auditorium mjini Chicago, Okestra ya Simfonia ya Chicago ikiongozwa na Frederick Stock ilipiga kwa mara ya kwanza Simfonia ya Kwanza ya Florence Price, iliyotungwa katika ngazi ya E maina. Mji ulikuwa na wageni wengi waliokuja kutazama maonyesho ya dunia yaliyopewa jina la Karne ya Maendeleo, na tamasha hilo liliandaliwa likiwa ni sehemu ya shughuli za maonyesho hayo. Ndiyo mara ya kwanza kwa simfonia ya mwanamke Mweusi kupigwa na okestra kubwa ya Marekani. Habari hiyo imerudiwa sana, na ni haki irudiwe. Lakini kurudiwa huko kumeifunika habari nyingine yenye uzito uleule: simfonia hiyo ilisikika pamoja na nini, na kwa sababu hiyo ilisikika kuwa kitu gani?

Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akasoma muziki Boston na kuhitimu mwaka 1906. Mwaka 1927, baada ya mauaji ya kinyama ya mtu Mweusi mikononi mwa kundi la wazungu mjini Little Rock, yeye na familia yake walihamia Chicago. Simfonia aliianza Januari 1931, alipokuwa amevunjika mguu. Baadaye alieleza kwa mzaha kwamba ajali hiyo ndiyo iliyompa siku chache za kutunga bila kusumbuliwa. Mzaha huo una ukweli mchungu ndani yake, kwani mtungaji huyu alikuwa mama anayelea watoto na kufundisha piano ili kupata riziki. Mwaka 1932 simfonia ilipata tuzo ya kwanza ya dola 500 katika mashindano ya Wanamaker yaliyowekwa kwa ajili ya watungaji Weusi, na tuzo hiyo ndiyo iliyomfanya Stock ajue habari zake. Hata hivyo mlango haukufunguka kwa wema wa Stock peke yake. Maude Roberts George, aliyekuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la Chicago Defender, alitoa dola 250 kulidhamini tamasha. Katika mwaka wa dhiki kama ule wa 1933 hizo hazikuwa fedha za kuchezea.

Tamasha lilipewa jina: Mnegro katika Muziki. Jina hili lafaa kusomwa kwa makini kama linavyosomwa jina la riwaya, kwa sababu neno "katika" limebeba humo mizigo mitatu isiyofanana. Programu ilifunguliwa na utangulizi wa okestra wa John Powell uitwao In Old Virginia, uliotungwa mwaka 1921. Hapo mtu Mweusi, ikiwa yumo, yumo kwa kusimuliwa tu. Margaret Bonds, kijana wa miaka 20, alipiga piano katika Concertino ya John Alden Carpenter, kazi ya mwaka 1915. Hapo mtu Mweusi yumo kwa vidole vyake, ilhali mtungaji ni mzungu, mfanyabiashara wa Chicago. Roland Hayes, ambaye mama yake alizaliwa utumwani, aliimba wimbo kutoka kazi ya Berlioz juu ya utoto wa Kristo. Hapo yumo kwa sauti yake. Ni katika kazi za watu wawili tu, Price na Samuel Coleridge-Taylor, ambamo mtu Mweusi yumo akiwa mtungaji, yaani mwenye neno la mwisho juu ya kila sauti. Kuzimwaga kazi hizi zote katika kapu moja na kulibandika jina la rangi ya ngozi ni kufuta tofauti iliyo kubwa kuliko zote katika sanaa, ile iliyopo baina ya anayesema na anayesemwa.

Powell ndiye jirani wa ajabu kupita wote. Alikuwa mpiga piano hodari, mzaliwa wa Richmond, aliyesomea Vienna, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupata sifa kwa Rhapsodie nègre, kazi iliyotumia mahadhi yaliyonasibishwa na watu Weusi. Mwaka 1922 mtu huyuhuyu alishiriki kuanzisha Anglo-Saxon Clubs of America, na mwaka 1924 alikuwa mmoja wa waliopigania sheria ya Virginia iliyokataza ndoa baina ya wazungu na watu wa rangi nyingine, sheria iliyodumu hadi ilipobatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967. Haya si masengenyo juu ya maisha ya msanii. Yana uhusiano na fani yenyewe. Kwa mtungaji wa namna hii, mahadhi ya watu Weusi ni kama maua yaliyochumwa shambani: yanapamba meza, wala hayaulizwi yameota wapi. Kumweka yeye mlangoni mwa tamasha, kisha kuwakaribisha wasikilizaji wapite hapo kwenda kwa Price, kulikuwa ni kuwafundisha wasikilizaji kuyasikia mahadhi hayo kuwa ni pambo.

Majirani wengine walikuwa wema zaidi. Concertino ya Carpenter, ambayo Stock mwenyewe aliiongoza ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1916, ilielezwa na mtungaji wake kuwa ni mazungumzo mepesi baina ya marafiki wawili, piano na okestra, waliokutana baada ya safari mbalimbali. Haidai makuu. Coleridge-Taylor anahitaji maneno mengi zaidi. Alizaliwa London mwaka 1875, babaye akiwa daktari kutoka Sierra Leone, akafa mwaka 1912 kabla ya kutimiza miaka 38. Bamboula, kazi ya mwaka 1910, inachukua mahadhi ya dansi ya visiwa vya Karibi na kuyapitisha kila upande wa okestra, mara kwa kishindo, mara kwa unyenyekevu. Hayes aliimba pia wimbo wake kutoka Hiawatha's Wedding Feast ya mwaka 1898. Hebu msomaji atafakari safari ya wimbo huo: hadithi ya Wahindi Wekundu, iliyoandikwa kwa ushairi na mzungu wa Marekani, ikatiwa muziki na mwana wa Mwafrika huko Uingereza, ikaimbwa Chicago na mwana wa watumwa. Anayetafuta sanaa safi isiyochanganyika na chochote hatakuwa na la kufanya katika tamasha hili.

Hapo ndipo linapoingia shitaka ambalo limemfuata Price tangu zamani, kwamba simfonia yake ni mwigo wa Dvořák. Msingi wa shitaka haukosekani. Simfonia ya Dvořák iliyotungwa Marekani na kupigwa New York kwa mara ya kwanza mwaka 1893 imo katika E maina, na ya Price imo katika E maina. Zote mbili zina sehemu nne, na ya pili katika zote ni ya mwendo wa polepole yenye sauti za kiibada. Price anaanza kwa kuipa basuni, ile ala nene ya kupuliza, lahani iliyojengwa juu ya ngazi ya sauti tano, na lahani ya pili huja baadaye kwa sauti ya pembe. Sikio lililozoea kazi ya Dvořák hugutuka mara moja.

Lakini deni hili limehesabiwa kinyume. Dvořák mwenyewe alitangaza mwaka 1893 kwamba muziki wa Marekani utakaokuja ujengwe juu ya nyimbo za watu Weusi, na nyimbo hizo alizisikia kwa kinywa cha Harry Burleigh, mwanafunzi Mweusi wa chuo alichokuwa akikiongoza New York. Basi ikiwa Price amefika kwenye ngazi ya sauti tano kwa kupitia mlango wa Dvořák, amefika nyumbani kwao kwa kupitia mlango wa mgeni. Tena Dvořák hakuibuni simfonia, kama vile hakuna malenga wa pwani aliyeibuni bahari ya utenzi. Fani hurithiwa. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanayakumbuka mabishano yaliyozuka baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka 1974, baina ya walioshikilia vina na mizani na waliotaka kuviacha. Katika mabishano yale pande zote mbili zilielekea kuiona fani ya kale kuwa ama ni gereza ama ni ngome. Price anaonyesha njia ya tatu, ambayo ni ngumu zaidi: kukaa ndani ya nyumba ya urithi na kuhamisha kuta zake kutoka ndani.

Ushahidi wa hilo umo katika sehemu ya pili. Ala za shaba zinaimba wimbo wa ibada uliotungwa na Price mwenyewe, nao si nakala ya wimbo wowote wa kanisani. Kila mshororo ukiisha, ala nyingine za kupuliza hujibu. Ni mtindo wa kiongozi na wafuasi, ule ule unaosikika katika makanisa ya watu Weusi wa Marekani na katika nyimbo za kazi za Afrika. Chini yake ngoma zinapigwa, na mwandiko wa mtungaji unazitaja waziwazi kuwa ni ngoma za Kiafrika. Kuelekea mwisho kengele za kanisa zinaingia. Msikilizaji aliyetoka kwa Powell atazisikia ngoma hizo kuwa ni rangi ya mahali, kama mnazi uliochorwa kwenye picha ya posta. Ila zikisikilizwa vizuri zinaonekana kufanya kazi nyingine: ndizo zinazoupa wimbo hatua yake, hata ibada haisimami kama sanamu, inatembea. Zikiondolewa, sehemu hii huwa nzuri bado, lakini huwa maombi ya mtu aliyeketi. Sehemu hii ndiyo kilele cha simfonia nzima, na haina haja ya kusamehewa kwa lolote.

Sehemu ya tatu inaitwa Juba. Katika simfonia za Ulaya nafasi hii ilikuwa ya dansi ya kiungwana, kisha baadaye ya mchezo wa haraka. Price ameiweka hapo dansi ya mashamba ya watumwa. Asili ya mtindo wake haipasi kupitwa haraka. Baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuhofiwa kwamba ngoma hupeleka habari. Mahali ngoma zilipokatazwa, mwili uligeuka kuwa ngoma: viganja juu ya mapaja, viganja juu ya kifua, visigino ardhini. Kiswahili, ambacho kwa neno moja la ngoma hutaja chombo, mchezo na mkusanyiko wa wachezaji, kinaweza kulieleza jambo hili kwa ufupi ambao lugha nyingine hazina: juba ni ngoma isiyo na ngoma. Na tazama alivyofanya Price. Ala za nyuzi nene zinakanyaga chini kama miguu, fidla zinacheza juu kwa kuruka mapigo, filimbi inapiga mbinja kwa utani, halafu ngoma za Kiafrika zilizokatazwa mwaka 1740 zinarudishwa katikati ya okestra. Kwa muda wa dakika nne hivi, mtungaji amekirudisha chombo kilichonyang'anywa, wala hakutangaza kwamba anafanya hivyo.

Yafaa hapa kumkumbuka William Grant Still, ambaye Afro-American Symphony yake ilitangulia kwa miaka miwili, ilipopigwa Rochester mwaka 1931. Still aliijenga kazi yake juu ya bluzi, muziki wa mjini wa wakati wake, ambao wengi wa wasomi Weusi waliuona kuwa wa baa. Price hakugusa bluzi. Amechagua kanisa na uwanja wa dansi ya kale, na wako wanaomwona kwa sababu hiyo kuwa mwoga. Hukumu hiyo ni ya haraka. Still alileta kwenye simfonia kitu kilichokuwa kikiimbwa usiku uleule mtaani. Price alileta kitu kilichokuwa kikififia. Ni kazi mbili tofauti, kama ilivyo tofauti kuandika riwaya ya leo na kuandika utenzi wa kumbukumbu.

Kasoro kubwa ya simfonia ni sehemu ya nne. Inakwenda mbio kwa mapigo ya tatutatu, ikipanda na kushuka, na kabla msikilizaji hajatulia imekwisha. Sehemu ya kwanza pekee ni ndefu kuliko ya tatu na ya nne zikiunganishwa, kwa hiyo nyumba inaelemea upande mmoja. Lahani ya sehemu hii haina uzito wa zile zilizotangulia, na mtungaji hakujaribu kuirudisha ibada ya sehemu ya pili wala kuijibu. Wapenzi wa Price aghalabu hupita hapa kimya. Ukimya huo haumsaidii. Kazi inayosifiwa bila kupimwa imewekwa pembeni kwa adabu, na adabu ya aina hiyo ni jamaa wa dharau. Kama mhakiki anaweza kusema kwamba Bamboula ya Coleridge-Taylor inarudiarudia kuliko inavyohitaji, na kwamba Concertino ya Carpenter ina dakika za maneno matupu, basi na mwisho wa simfonia hii usemwe ulivyo.

Ukumbini siku ile simfonia ilipokewa kwa furaha. Eugene Stinson wa Chicago Daily News aliandika kwa sifa nyingi, akaona kwamba kazi hiyo inastahili kupewa nafasi ya kudumu miongoni mwa simfonia zinazopigwa mara kwa mara. Nafasi hiyo haikupatikana. Hapa ndipo jina la tamasha linapodai malipo yake. Kazi iliyoalikwa kwa ajili ya rangi hupewa kiti siku ya sherehe ya rangi, na sherehe ikiisha kiti huondolewa. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa Okestra ya Simfonia ya Boston, akataja wazi kwamba jinsia yake na rangi yake ni vizuizi viwili, akaomba kazi zake zipimwe kwa ubora wake tu. Koussevitzky hakupata kupiga hata moja. Price alifariki mwaka 1953. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba iliyotelekezwa katika kijiji cha St. Anne, Illinois, nyumba ambayo zamani ilikuwa yake ya mapumziko, walikuta humo rundo la miswada. Miongoni mwake ilikuwamo Simfonia ya Nne, ya mwaka 1945, ambayo haikupigwa hadharani hadi mwaka 2018. Simfonia ya Kwanza ilichapishwa kitabuni mwaka 2008, yaani miaka 75 baada ya usiku wa Chicago, na mwaka 2021 Okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Yannick Nézet-Séguin ilitoa santuri yake pamoja na ya Tatu.

Kwa kuwa sasa maandishi yapo na yeyote mwenye okestra anaweza kuyapata, swali la majirani limerudi. Okestra nyingi huona ni rahisi kuiweka simfonia hii pamoja na ile ya Dvořák, na kwa kufanya hivyo hulirudia shitaka la mwigo bila kutamka neno. Wengine huiweka kwenye tamasha la mwezi maalumu wa watu Weusi, ambalo ni jina la 1933 lililovalishwa nguo nyingine. Bamboula ingefaa kubaki karibu nayo, kwani dansi ya Karibi na juba zina mengi ya kuulizana. Concertino ya Carpenter ingefaa pia, hasa kwa ajili ya kumkumbuka Margaret Bonds, aliyekuwa mwanafunzi wa Price na baadaye mtungaji mashuhuri. Simfonia ya Still ingefaa kuliko zote, ili bluzi na ibada visikike usiku mmoja na wasikilizaji waamue wenyewe ni nani aliyethubutu zaidi. Utangulizi wa Powell unaweza kuachiwa wanahistoria.